Kizibo cha soda kimeleta vita Mwanga: nyambizi ikishtukiza wakati destroya ipo mezani mnahesabuje?

Mgebuka Mkavu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, naandika huku nina hasira kidogo ila nacheka pia kwahiyo mnivumilie. Kuna gemu la mezani la vita vya pili vya dunia linaitwa Axis & Allies, sisi tunacheza ile ya 1942. Jamaa mmoja alikuja nalo Kigoma toka Dar, akahamishwa kikazi akatuachia. Tupo watano, tunacheza jumapili baada ya ibada uani kwa shemeji yangu hapa Mwanga, na ni gemu la masaa matano sita, yaani dada anapika ugali na dagaa mara mbili na bado Moscow haijaanguka.

Sasa vikete vyake ni vya plastiki, vidogo, na nyumba ina watoto, mnaelewa. Kilichopotea tunafidia. Punje za mahindi ni askari wa miguu wa Mrusi, na destroya (manowari ndogo ya kuwinda nyambizi) ya Mwingereza ni kizibo cha soda. Tulikubaliana wote, hilo sikatai.

Jumapili iliyopita mimi nimeshika Ujerumani, shem kashika Uingereza. Zamu yangu nikapeleka nyambizi mbili na ndege moja ya kivita kwenye bahari iliyokua na kruza yake moja (manowari kubwa kuliko destroya) na meli ya kubeba askari. Nyambizi ya tatu nikaipitisha hapohapo ili itokee upande wa pili ikapige meli nyingine iliyokaa peke yake. Kwa wasiojua, nyambizi zina shambulizi la kushtukiza, zinarusha dadu kabla ya wengine wote na zikipiga basi aliyepigwa anatolewa palepale bila kurudisha risasi. Kila nyambizi dadu moja, ikitoka 1 au 2 umepiga. Nikarusha, 2 na 5. Kruza imekwenda! Nimeshainuka kwenye kiti najipigia makofi mwenyewe, shem akanyoosha kidole taratibu kama mtu anayeonyesha sisimizi, akasema "na hicho?"

Hicho ni kizibo. Sasa wakuu mezani kulikua na vizibo vitano, vinne vya soda tulizokunywa na kimoja cha vita, vyote rangi moja. Mimi nilijua ni takataka. Shem anasema destroya ikiwepo hakuna kushtukiza, rudisha kruza yangu. Mimi nasema basi na mimi nirudishe mwendo wangu maana ningejua nisingeenda. Tukabishana mpaka umeme ukakatika, gemu likaishia hapo, bodi tumeifunika na kanga ya dada mpaka jumapili ijayo. Naomba wataalam mnisaidie, nani yuko sahihi?

Kiti cha Mbele

Nimekaa, ngoja waje.

Mwembe wa Tabora

Mkuu pole. Nilicheza sana hilo gemu zamani, nakujibu kwa sheria ya toleo la 1942 la pili ambalo nadhani ndio mnalo.

Kwanza shemeji yako yuko sahihi, destroya ya adui ikiwepo kwenye bahari ile nyambizi zinakua meli za kawaida, zinapiga pamoja na wengine, na hata kuzama kukimbia haziwezi. Lakini na yeye asishangilie, kwasababu dadu zako za 2 na 5 zinabaki. Umepiga moja. Ila anayechagua kipi kife ni yeye, na akili ya kawaida angetoa destroya ya thamani ya 8 abaki na kruza ya 12. Hiyo destroya inakufa lakini kwanza inarusha dadu yake, na kruza inarusha. Kruza inapiga kwa 3 kushuka chini, destroya kwa 2 kushuka chini, ukipiga hesabu nafasi ya wewe kupigwa angalau moja ni mbili kwa tatu. Alafu, na hapa wengi wanapasahau, raundi ya pili ikianza destroya haipo tena, nyambizi zako zinarudishiwa kushtukiza kwao. Kinachoangaliwa ni mwanzo wa kila raundi, sio mwanzo wa vita.

Kurudisha mwendo, hapana. Zamu ina hatua zake: unanunua, unafanya mwendo wa mashambulizi, mnapigana, mwendo usio wa mashambulizi, unaweka ulivyonunua, unapokea mapato. Ukishaanza kurusha dadu hatua ya mwendo imefungwa.

Sasa ile nyambizi yako ya tatu ndio inanichekesha. Nyambizi inaruhusiwa kupita bahari yenye meli za adui kana kwamba hakuna mtu, ISIPOKUA kuna destroya, hapo inasimama palepale. Kwahiyo shemeji yako akishinda kesi ya kizibo maana yake nyambizi ya tatu haikupita, imesimama, iko vitani na zile mbili. Ameomba sheria ifuatwe, ikifuatwa anapigwa na nyambizi tatu.

Mgebuka Mkavu

Mwembe wewe ni mtu wa maana sana, ukija Kigoma una migebuka yako hapa.

Shem Mwenyewe

Nimetumiwa link ya huu uzi na mke wangu, kwahiyo mjue mnasomwa. Mimi ndio shemeji. Kwanza vile vizibo havikua rangi moja, cha vita kina alama ya msumari juu nilikigonga mwenyewe. Pili kuhusu nyambizi ya tatu, naona nifute kesi.

Mgebuka Mkavu

Kesi haifutwi shem, ishafika kwa wananchi.

Mtafuta Hela

Watu tunatafuta hela nyie mnapigania kizibo. Hii nchi ina vijana kweli.

Mwembe wa Tabora

Mkuu Mtafuta Hela na wewe umesoma mpaka hapa.

Niongeze kitu kwa wanaoanza, mimi nimefundisha madogo wengi na wote wanaanguka kwenye mwendo, dadu wanazijua siku ya kwanza. Kosa la kwanza, mtu anasogeza askari wa kuongeza nguvu kabla ya vita halafu anataka kuwasogeza tena baada ya vita. Hakuna. Aliyekwenda kupigana amekwenda, ndege peke yake ndio inatumia mwendo uliobaki kurudi. Kosa la pili ndege ya kivita ina hatua nne kwenda NA kurudi, na haitui kwenye nchi uliyoiteka zamu hiyohiyo, kwahiyo kabla hujaipeleka vitani uwe unajua itatua wapi. Kosa la tatu kifaru. Kina hatua mbili na kinaweza kupita nchi ya adui isiyo na mtu kikaendelea mbele, ila akiweka hata mzinga mmoja wa kupigia ndege tu, kifaru kinasimama. Mimi Ukraine nilishawahi kuibakizia askari mmoja wa thamani ya 3 akasimamisha vifaru vinne vya thamani ya 6, rafiki yangu hakunisemesha wiki nzima.

Mgebuka Mkavu

Nimelala na hili jambo siku mbili, sasa niseme kinachonikera hasa, na sio kizibo.

Kwenye hili gemu kushtukiza ni dadu tu. Bodi yote iko wazi, kila mtu anaona nyambizi zangu toka zamu iliyopita, anajua zinaweza kufika wapi, halafu zikifika tunasema eti ameshtuka! Ameshtuka nini wakati aliziangalia akinywa soda? Siku pekee mtu alishtuka kweli kwenye ile meza ni mimi, na nilishtuliwa na kizibo, kwasababu sikujua ni nini. Yaani tulipata shambulizi la kushtukiza la kweli kwa bahati mbaya.

Angalieni Pearl Harbor yenyewe, bandari ya manowari za Wamarekani. Wajapani waliondoka ghuba ya Hitokappu tarehe 26 Novemba 1941 na meli sita za kubeba ndege, redio kimya, njia ya kaskazini isiyopitwa na watu, wakapiga Desemba 7. Kazi ngumu ilikua kwenye zile siku za baharini, mwendo ambao mwenzako hauoni. Ndege zilipofika juu ya bandari kushtukiza kulishafanyika zamani. Na gemu letu linaanzia 1942, yaani linaanza hilo likiwa limeshapita, labda waliotunga waliona ugumu wake.

Na sisi watu wa Kigoma hatuna haja ya kwenda Pearl Harbor, mfano tunao hapa ziwa Tanganyika. Vita vya kwanza Mjerumani ndio alikua mwenye ziwa. Alikua na meli Kingani, na Hedwig von Wissmann, na mwaka 1915 akaongeza Graf von Götzen, ile iliyoundwa Papenburg ikafunguliwa vipande vipande ikaletwa kwenye makasha, reli ya kati ilikua imefika Kigoma 1914 tu, wakaiunga upya hapahapa. Ndio hiyo Liemba ambayo nusu ya watu wa huku wameshapanda au wana ndugu aliyepanda na magunia ya dagaa. Wakaifunga mzinga wa sentimita 10.5 uliotolewa kwenye manowari yao Königsberg iliyofia Rufiji. Kwa gemu hiyo ni manowari ya thamani ya 20 na mwenzako hana hata mtumbwi.

Mwingereza akafanyaje? Akachukua boti mbili za mita kama 12, majina yake "Mimi" na "Toutou", akazitoa kwao Juni 1915 mpaka Cape Town, reli mpaka Katanga, kutoka hapo mashine za mvuke na ng'ombe wanaziburuta kupanda milima ya Mitumba, madaraja yanajengwa njiani, watu wa Kongo wanabeba kuni na maji, zikashuka mto Lualaba, reli tena mpaka Lukuga, Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba Kingani ikatoka kuchungulia Wabelgiji wanajenga nini kule. Mzinga wake ulikua mbele na haupigi nyuma, boti zikaijia kwa nyuma. Pambano halikufika nusu saa, wakaiteka, wakaiita Fifi wakaigeuzia bunduki kwa wenyewe. Februari 9, 1916 Hedwig ikaja kutafuta habari za Kingani nayo ikazamishwa.

Miezi sita ya mwendo kwa pambano la nusu saa. Sasa niambieni ni gemu gani lina sheria ya hivyo, maana mimi nataka kulichora.

Kiti cha Mbele

Mkuu chora, mimi nasogeza kiti.

Mwembe wa Tabora

Wazo zuri ila lina shimo. Mwanaume atakayeshika Ujerumani kasoma historia hiyohiyo uliyoandika hapa. Anajua boti zinakuja. Kingani haitoki Kigoma ng'o, itakaa chini ya mizinga ya bandarini mpaka gemu liishe. Utamshtukiza vipi mtu aliyesoma mwisho wa hadithi? Hata Pearl Harbor ukiweka kwenye gemu ni hivyo hivyo, Mmarekani wako atatoa meli zote bandarini zamu ya kwanza.

Mzee wa Kunamua

Wanangu, mimi ni mtu wa Ujiji na umri wangu ni wa bao, hizo nyambizi sizijui. Lakini nimesoma yote maana mjukuu amenifungulia.

Huyu aliyeanzisha anasema kushtukiza ni lazima kufiche. Mimi nakataa. Bao lina mashimo 32 na kete 64, zote zinaonekana, hakuna iliyofichwa popote, na watu wanashtukizwa kila siku mpaka wanasusa. Mwenzako anakula upande wa kichwa, kete zinazunguka zinaingia shimo hili zinatoka lile, wewe ulihesabu mizunguko mitatu ukachoka, yeye alihesabu mitano. Unaona nyumba yako imekwenda. Nani kakuficha? Ulikuwa unaangalia. Kushtuka kwenu kunatokana na uvivu wa kuhesabu, na kijana wa kizibo angehesabu vizibo na chupa angejua kimoja kimezidi.

Mgebuka Mkavu

Mzee shikamoo. Hapo kwenye chupa umenimaliza, chupa zilikua nne kweli.

Lakini mzee naomba nibishe kidogo kwa adabu. Kwenye bao nikihesabu mpaka mwisho sishtuki kamwe. Yule kamanda wa Kingani angehesabu mpaka kesho asingepata boti za Mitumba kwenye hesabu yake, kwasababu hazikuwepo ziwani, zilikua mlimani zinavutwa na ng'ombe. Naona ni vitu viwili, kuna kushtuka kwa kushindwa kuhesabu na kuna kushtuka kwa kukosa cha kuhesabu. Axis & Allies ina cha kwanza ikakibandika jina la cha pili.

Kuhusu shimo la Mwembe, nimechora nyuma ya kalenda ya mwaka jana na tumejaribu mara moja na shem, nieleze. Ziwa nimeligawa maeneo sita kwenda chini. Mwingereza ana njia ya nchi kavu ya hatua nane, za reli anakwenda mbili kwa zamu, za mlima moja kwa zamu na lazima alipe kuni. Anasogeza vizibo vitatu vilivyofunikwa. Kabla ya gemu anaandika kwenye karatasi na kuikunja: viwili ni boti, au kimoja tu, au vyote vitupu na badala yake Wabelgiji wana mizinga miwili zaidi ufukweni. Mjerumani anaona vizibo vinakuja, hajui ndani kuna nini. Kwahiyo hata akiwa amesoma historia haimsaidii, historia ni moja ya karatasi tatu.

Na Kingani haiwezi kulala bandarini, maana kila zamu ambayo hakuna meli ya Kijerumani iliyochungulia Lukuga, Mbelgiji anajenga gati moja, yakifika manne Mjerumani kashindwa. Lazima utoke. Ukitoka unaangalia upande gani mzinga wako umetazama, na ukikutwa nyuma hurushi dadu raundi ya kwanza. Hiyo ndio kushtukiza kwangu, dadu inakuja mwisho kama malipo ya mwendo.

Shem Mwenyewe

Ukweli niuseme, nilishika Ujerumani. Zamu ya sita vizibo vitatu vimeshuka mlima vimekaa Lukuga vinaniangalia. Nilikaa dakika kumi nzima mkono juu ya Kingani. Nikasema huyu namjua, kaoa... samahani nimemwolea dada yake, ni muoga, ameandika vitupu. Nikatoka. Boti mbili.

Mwembe wa Tabora

Hahaha shem pole. Haya hapo nimekubali, kulazimishwa kutoka ndio ufumbuzi, nilikua naangalia karatasi nikasahau gati. Ila mlima kwa zamu moja ni rahisi mno, weka dadu, ikitoka 1 mashine imezama kwenye tope zamu nzima. Na Götzen unaifanyaje? Ikitoka inameza boti zote.

Mgebuka Mkavu

Götzen ndio naumia nayo. Kamanda wa Kiingereza Spicer-Simson mwenyewe aliiogopa, iliposogea hakutoka kupigana nayo. Kwenye gemu ikitoka Kigoma mchezo umeisha.

Mzee wa Kunamua

Hiyo meli, wanangu, hadithi yake mnaikata. Ule mzinga mkubwa ulishushwa ukapelekwa kwenye vita vya nchi kavu, juu ya meli wakasimamisha wa mti. Aliyekimbia alikimbia gogo. Mwishoni mwa Julai 1916 Wabelgiji wanaikaribia Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha tarehe 26, mashine zimepakwa grisi, Waingereza wakaja kuiinua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Septemba 19 mwaka uleule wa 1916 Tabora nayo ikachukuliwa, huyo wa miembe anajua.

Mwembe wa Tabora

Tunajua mzee, shikamoo.

Mgebuka umesikia hiyo? Basi na Mjerumani apewe karatasi yake. Zamu yoyote anaandika mzinga uko melini au umeshuka. Ukishuka anapata nguvu nchi kavu, na Götzen inabaki ileile mezani, kete kubwa ileile, ila ndani ni gogo.

Mgebuka Mkavu

Mungu wangu. Kizibo changu kilikua destroya imevaa takataka, na hii ni takataka imevaa manowari. Nachora upya leo usiku.

Mtafuta Hela

Hivi jumapili mnaanza saa ngapi?

Shem Mwenyewe

Saa nane, Mwanga, uliza kwa fundi viatu watakuonyesha. Njoo na soda yako na kizibo unaondoka nacho. Na Mgebuka, dada yako anataka kanga yake, ile bodi ya 1942 tumeifunua leo, kizibo chenye msumari hakipo, na mdogo anasema hajui kitu ila mfukoni ana askari wa miguu wawili wa Mjapani.